Mwanasheria Mkuu wa Edmonton Agombea Tena

Elkana Mogaka alivaa tai kazini kila siku, na kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga vifurushi kwenye ghala. Juu ya tai alivaa lile koti la manjano linalong'aa ambalo kila mtu wa ghalani hupewa, akafunga zipu hadi kidevuni, kwa hiyo tai haikuonekana na mtu yeyote mpaka saa ya chai. Vijana wa Kipolandi aliofanya nao kazi walimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akawajibu kwamba anaweza kuitwa wakati wowote.

Aitwe na nani, hakuwaambia. Sisi tulijua. Elkana alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Umoja wa Majirani wa Edmonton, chama chetu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaokaa upande huu wa kaskazini mwa London. Wengi tulimwita AG, kifupi cha cheo hicho kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mikutano, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyapata kwa mkewe, Teresia, jikoni, tukimenya viazi.

Mtu anaweza kuuliza chama cha watu sabini kinataka Mwanasheria Mkuu wa nini. Mwaka 2010 nyumbani Kenya walipitisha katiba mpya, na homa ile ikatufikia hata huku. Kabla ya hapo tulikuwa kikundi tu cha kufarijiana kwenye misiba na kula pamoja Desemba. Ghafla kila mtu akawa anataja haki zake. Ukimwomba mtu asogeze kiti anakuuliza ni kwa mujibu wa kifungu gani. Elkana akajitolea kutuandikia katiba yetu. Akaiandika kwa mkono, usiku baada ya shifti, akaleta vifungu arobaini na kimoja. Kifungu cha tisa kilisema kutakuwa na Mwanasheria Mkuu, atakayechaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Mwenyekiti alipouliza ni nani kati yetu anayeiweza kazi hiyo, ukumbi ulinyamaza. Elkana akakohoa.

Tulimchagua bila mpinzani. Mwaka 2013 tukamchagua tena, bila mpinzani vilevile. Kila mmoja wetu aliamini kwamba Elkana alikuwa wakili nyumbani kabla hajaja Uingereza. Yeye mwenyewe hakuwahi kutamka neno hilo. Alisema tu, "Nilipokuwa mahakamani," halafu akanyamaza na kutazama mbali, na mtu mwenye adabu haulizi zaidi ya hapo.

Na kazi aliifanya. Kesi iliyovuma zaidi ilikuwa ya sufuria kubwa ya chama, ambayo Eufrasia aliiazima kwa sherehe ya bintiye akairudisha na kifuniko kisicho chake. Elkana aliisikiliza kesi hiyo Jumapili nne mfululizo. Aliita mashahidi. Alikuwa na nyundo ya kupondea nyama aliyoigonga mezani watu wakipiga kelele. Mwishowe akaamua kwamba kifuniko kile na sufuria ile si wa ukoo mmoja, lakini kwa kuwa wameshaishi pamoja tangu Pasaka na hakuna aliyeungua, waachwe. Uamuzi huo ulikuwa na kurasa sita.

Halafu kulikuwa na ya Teresia. Elkana alikuwa ameweka sheria kwamba atakayechelewa mkutanoni ataosha vyombo vyote peke yake. Mtu wa kwanza kuchelewa alikuwa mkewe, aliyekwama kwenye basi la 149. Elkana alimsikiliza mke wake akijieleza, akamwuliza namba ya basi, akaiandika, kisha akamhukumu. Teresia aliosha sahani themanini na mbili. Wiki nzima iliyofuata nyumbani kwao ilipikwa chai ya mtu mmoja.

Lakini nisiseme ya kuchekesha tu, maana mimi mwenyewe alinisaidia. Mwaka 2012 mama yangu mzazi alifariki Bungoma. Ajensi iliyokuwa ikinipa shifti za kutunza wazee ikakataa kunipa ruhusa. Meneja alisema nilitakiwa kutoa taarifa wiki nne kabla. Nilimwambia Elkana tukiwa kwenye foleni ya samaki. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, suti nyeusi, faili mkononi.

Tukaingia ofisini kwa meneja. Elkana akaketi, akafungua faili, akatoa kalamu, akaandika tarehe. Meneja akamwuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Mwanasheria Mkuu," Elkana akasema kwa Kiingereza, taratibu.

"Wa wapi?"

"Hilo tutalifikia baadaye," Elkana akasema. "Endelea. Tunakusikiliza."

Meneja aliendelea kidogo, akasimama, akaendelea tena. Elkana alikuwa akiandika. Baada ya robo saa nilipewa majuma mawili na pole. Tulipotoka nje nilimwomba nione alichoandika. Ndani ya faili mlikuwa na barua ya kukodi ukumbi na orodha ya vyakula vya Desemba, na chini ya "wali wa nazi" alikuwa ameandika ile tarehe mara kumi na nne.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka 2016, uchaguzi wa tatu ulipokaribia na akatokea mpinzani.

Mpinzani aliitwa Ann Mumbi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, amesoma sheria chuo kikuu hapahapa London, na alifanya kazi kwenye ofisi ya mawakili Wood Green. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomkera Elkana, kwa sababu hakupata pa kumshika. Alipita nyumba kwa nyumba na keki ya ndizi aliyoioka mwenyewe, akasema maneno yaleyale kila mahali.

"Mimi sina ubaya na Mzee Elkana. Ametutumikia. Ninaomba tu kifungu cha kumi na tisa kifuatwe."

Tukaenda kutafuta katiba, wengine kwa mara ya kwanza. Kifungu cha kumi na tisa kilisema kila mgombea atasoma mbele ya wanachama historia yake na rekodi ya kazi yake, "kwa ukamilifu na bila kuficha." Elkana ndiye aliyekiandika.

Teresia aliniambia kwamba mume wake alikaa jioni tatu na karatasi hiyo. Ya nne akampa aisome. Teresia ni mpishi wa shule, mtu wa kuuliza maswali huku akifanya jambo jingine, na wakati huo alikuwa akikunja nguo.

"Umeandika, 'Nilihudumu katika Idara ya Mahakama kwa miaka kumi na miwili,'" akasema. "Ukihudumu kama nani?"

"Kama mtumishi."

"Mtumishi wa aina gani, Baba Kerubo?"

"Wa mahakama."

"Hata mfagiaji ni mtumishi wa mahakama."

"Mama Kerubo, mimi sikuwa mfagiaji."

"Najua hukuwa mfagiaji. Mimi ninajua ulichokuwa. Nauliza kama karatasi inajua."

Alichokuwa ni mkalimani. Miaka kumi na miwili, katika mahakama ndogo ya hakimu huko nyanda za juu za Kisii, Elkana alisimama kando ya kizimba akiwafasiria wazee na akina mama waliojua Ekegusii tu, akigeuza maneno yao kuwa Kiingereza ili hakimu aelewe, na ya hakimu kuwa Ekegusii. Ni kazi ya heshima. Lakini mtu akishaitwa AG miaka sita, kurudi kuwa mkalimani mbele ya watu wote ni kama kuvuliwa kanzu msikitini.

Mbaya zaidi, ikaja habari ya shahidi. Mpiga debe wa Mumbi alikuwa Douglas, dereva wa basi, mtu mwenye bidii kuliko busara. Huyu Douglas alikuwa akisali kanisa moja huko Thornton Heath, na huko akakutana na mzee aliyekuja kukaa na bintiye nesi. Mzee aliitwa Jotham. Katika mazungumzo ya baada ya ibada Jotham akasema anamfahamu Elkana Mogaka, tena walifahamiana mahakamani. Douglas alirudi Edmonton akitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Kufikia Alhamisi kila mtu alijua kwamba mzee wa Thornton Heath angekuja kuuanika ukweli.

Elkana aliposikia jina la Jotham aliketi kitandani na viatu vyake.

"Ni nani?" Teresia akamwuliza.

"Ni mtu wa kondoo," Elkana akasema.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, katika ukumbi wa kanisa karibu na stesheni ya Edmonton Green. Ilikuwa siku ya baridi kavu. Jikoni kulikuwa na pilau, na mlango wa jikoni haukufunga vizuri, kwa hiyo siasa zote za siku hiyo zilifanyika ndani ya harufu ya bizari. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Bwana Praful, Mhindi wa Kisumu anayekaa Queensbury, ambaye dukani kwake ndipo tunaponunua unga na majani ya chai. Tulimchagua kwa sababu anatufahamu sote na hana ukoo na yeyote.

Mumbi alisoma historia yake kwa dakika nne: shule, chuo, kazi, mwisho. Watu walipiga makofi ya adabu. Kisha Elkana akasimama na karatasi yake. Alisoma habari ya kuzaliwa kwake, ya shule, ya kiranja mkuu. Akafika kwenye Idara ya Mahakama. Akasoma sentensi ileile isiyosema kitu, akaharakisha kwenye kesi ya sufuria, ambayo aliieleza kirefu.

Alipokaa, Douglas akanyanyuka na kuomba shahidi asikilizwe. Praful akatazama katiba, akasema hakuna kifungu kinachokataza. Jotham akaletwa mbele. Alikuwa mzee mrefu, kofia kichwani, koti zito la bintiye ambalo vifungo vyake vilikuwa upande wa kike. Akapewa kiti, akakataa, akasema anasimama kama alivyosimama siku ile.

"Mzee," Douglas akaanza, "unamfahamu huyu bwana?"

"Namfahamu."

"Mlionana wapi?"

"Mahakamani. Mwaka themanini na tano."

"Alikuwa wakili?"

"Wakili gani? Alikuwa mkalimani."

Ukumbi ukanong'ona. Hapo ndipo Douglas alipopaswa kukaa. Mumbi, mtu aliyesomea mambo haya, alimfanyia ishara akae, akaifanya tena kwa mikono miwili. Douglas alikuwa amempa mgongo.

"Na kazi yake aliifanya vizuri?" akauliza.

"Hapana," Jotham akasema. "Aliifanya vibaya sana. Ndiyo maana nimekuja."

Akatusimulia. Alikuwa ameshtakiwa kwa kumchukua kondoo dume wa jirani yake. Alimchukua kweli, maana jirani alimnyima njia ya kupita kwenda mtoni. Siku ya kesi hakimu alifika amekasirika, akasikiliza mashahidi huku akitazama saa, kisha akamwuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Jotham alikuwa nalo. Alisema kwa Ekegusii, kwa muda wa robo saa nzima. Alimweleza hakimu habari ya ukoo wa huyo hakimu, tusi kwa tusi. Alimweleza sura yake ikilinganishwa na ya yule kondoo, na kwamba kondoo ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika. Alieleza tumbo lake lilipotoka na litakapokwenda.

"Nilipomaliza," Jotham akasema, "nikamgeukia huyu Elkana, ili ayapeleke. Akasema maneno kama matano hivi kwa Kiingereza. Akanyamaza. Hakimu akamwuliza jambo, naye akajibu. Hakimu akacheka. Nikaachiliwa."

"Ulisema nini?" Praful akamwuliza Elkana. Hili halikuwamo katika utaratibu, lakini hata msimamizi ni binadamu.

Elkana alisimama. "Nilisema, 'Mshtakiwa anaiomba mahakama imhurumie.'"

"Na hakimu akauliza nini?"

"Aliuliza kama maneno yote yale yalikuwa na maana hiyo tu. Nikamwambia, 'Mheshimiwa, lugha yetu ni ndefu.'"

Watu walicheka mpaka akina mama wakatoka jikoni na miko mikononi kuuliza kuna nini. Jotham peke yake hakucheka.

"Mimi nilikuwa na maneno yangu," akasema. "Niliyapanga siku tisa rumande. Hayakufika. Miaka thelathini na moja sasa hayajafika."

"Mzee Jotham," Elkana akasema, "yangefika ungefungwa miaka mitano."

"Labda. Lakini yangefika."

Mumbi akainua mkono. Alikuwa akijitahidi kuweka uso sawa. "Mzee Elkana, kwa heshima. Mkalimani huapa kufasiri kwa ukweli. Ulivunja kiapo?"

Elkana alitazama karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nilikivunja," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Hakimu alikuwa hajala tangu asubuhi, na mimi nilimwona huyu mzee mikono inatetemeka. Sikufikiri sana. Na hilo la uwakili, mimi si wakili. Sijawahi kusema mimi ni wakili. Lakini niliona mnadhani hivyo, na nikaona ni vizuri, nikawaacha mdhani. Hilo ndilo lililotakiwa kuandikwa kwenye karatasi, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa."

Akakaa. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu kwa miaka sita na hiyo ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote. Mahali pa "makofi" niliacha wazi, kwa sababu wengine walipiga na wengine walikuwa bado wanawaza.

Tukaja kwenye kura. Praful akasimama na uso wa msiba. Karatasi za kura alizichapisha, alisema, nzuri, zenye picha. Aliziweka kwenye boksi la majani ya chai. Boksi akaliacha kwenye treni. Alilikumbuka alipofika kwetu, na wakati huo treni ilikuwa imekwenda zake.

Kifungu cha ishirini na tatu kilisema kwamba ikishindikana kura ya siri, wanachama watapiga kwa mlolongo: kila mtu ajipange nyuma ya mgombea anayemtaka. Wale wetu wenye umri tulitazamana. Tunaikumbuka kura ya mlolongo ya mwaka themanini na nane nyumbani, mistari mifupi ilipotangazwa mirefu mchana kweupe. Praful akaapa kwamba atahesabu kwa kumgusa kila mtu bega.

Mumbi akasimama karibu na jukwaa, na mstari wake ukajikunja ukumbini kuzunguka viti. Elkana akasimama karibu na mlango, na mstari wake ukatoka nje, ukapita kwenye ujia, ukateremka hadi getini kando ya barabara. Mimi nilijipanga kwa Elkana. Haikuwa siri na si siri leo. Jotham hakuwa mwanachama, akapewa kiti na kikombe cha chai.

Praful alihesabu. Alichukua muda mrefu, akatoka nje, akarudi akipuliza vidole kwa baridi. Akatangaza: Ann Mumbi thelathini na nne, Elkana Mogaka thelathini na nne.

Kila mtu akafungua katiba. Kifungu cha ishirini na nne: "Kura zikilingana, Mwanasheria Mkuu atatoa uamuzi, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho."

Kelele iliyozuka hapo siwezi kuiandika. Douglas alisimama juu ya kiti kudai kwamba huu ni wizi uliopangwa tangu 2010. Elkana aliomba kimya, hakupata, akaigonga ile nyundo yake ya nyama ukutani. Akasema anaomba dakika kumi na orodha ya wanachama, na kwamba watu wasitoke kwenye mistari. Akanichukua mimi na daftari langu.

Alianza na mstari wa Mumbi, jina kwa jina. Wote walikuwamo. Akahamia kwenye wake. Tukapita ukumbini, tukapita kwenye ujia, tukatoka nje. Watu wa mwisho walikuwa wamejikunyata kando ya geti. Wa mwisho kabisa alikuwa Teresia. Mbele yake alikuwa amesimama bibi mmoja wa Kiingereza, mfupi, koti la kijani, ameshikilia kikapu cha magurudumu.

Elkana akavua kofia. Akamwuliza bibi kwa Kiingereza chake cha mahakamani kama anaweza kumsaidia.

Bibi akasema hapana, asante, yuko sawa, foleni inakwenda vizuri. Yeye amekuja kuchomwa ile sindano ya mafua.

Elkana akamweleza kwamba sindano ni Jumamosi ijayo. Tangazo lilikuwa limebandikwa getini, tena kubwa. Bibi akavaa miwani, akalisoma, akacheka. Alisema aliona watu wamejipanga kwa utulivu, akajua tu ndipo penyewe. Halafu akatokea bwana mmoja mstaarabu, Mhindi, akamgusa bega, akasema "thelathini na tatu," naye akamshukuru.

Elkana alibaki amesimama pale. Nilimwona akihesabu, ingawa hapakuwa na hesabu kubwa ya kufanya. Mbele yetu walikuwa watu wawili watatu wa mstari wake waliosikia kila kitu. Mmoja akamnong'oneza, "AG, huyu bibi ana umri wa mama yako. Mwache." Mwingine akasema anaweza kuandikishwa uanachama sasa hivi, kalamu si ipo.

"Bibi," Elkana akasema, "kuna pilau ndani. Karibu ule, nje kuna baridi."

Akamshika mkono, akamwingiza mpaka mbele, akamketisha kando ya Jotham. Kisha akapanda jukwaani. Aliposema "Mahakama hii" akajisahihisha, akasema "Ofisi hii." Akaeleza kwamba ofisi imekagua mistari yote miwili; kwamba mpiga kura wa thelathini na tatu katika mstari wa Elkana Mogaka amekuja kwa ajili ya mafua; kwamba si mwanachama, wala hakujua anapiga kura; na kwamba kura yake haihesabiki. Hivyo basi Elkana Mogaka ana kura thelathini na tatu. Ann Mumbi amechaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu.

"Uamuzi huu ni wa mwisho," akasema, na akaiweka nyundo mezani.

Douglas alikuwa bado yuko juu ya kiti. Alishuka polepole, akapiga makofi akiwa amechanganyikiwa. Mumbi alikwenda kwa Elkana, akainama kidogo kama mtu anavyomwinamia baba wa rafiki yake, akampa mkono. Alimwambia kwamba katika kazi yake hajaona mtu akijihukumu mwenyewe namna ile. Elkana akasema ni kifungu tu. Kisha akanywa maji, glasi nzima.

Tulikula. Bibi wa Kiingereza alikula sahani mbili na kuondoka na ya tatu kwenye kikapu. Jotham alimweleza kwa Ekegusii kitu kirefu sana, naye akawa anaitikia kila mara, "Hakika, hakika," kwa Kiingereza, na mzee alionekana kuridhika.

Nyumba yangu iko njia moja na yao, kwa hiyo tuliondoka pamoja, sisi watatu, tukifuata Fore Street na masufuria matupu. Tulipovuka taa Elkana akasema, "Mama Kerubo. Yule bibi alisimama mbele yako."

"Ndiyo."

"Alifika baada yako, ama kabla?"

"Baada. Nikamwambia apite mbele, kuna upepo kule nyuma."

"Na ulijua si mwanachama."

"Aliniuliza kama hii ndiyo foleni. Nikamwambia ndiyo, ndiyo foleni. Nilisema uongo?"

Elkana akafikiri hatua kadhaa. "Hapana. Lakini hukufasiri yote."

"Nimeolewa na mkalimani miaka thelathini," Teresia akasema. "Ulitaka nijifunze nini?"

Elkana akasimama katikati ya watu, akaweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika ukuta wa duka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekuwa amevaa kiatu kinachobana na sasa amekivua. Niliogopa kidogo, maana sikuwahi kumwona akicheka.

Wiki mbili baadaye Mumbi alimpigia simu. Ofisini kwao walikuwa wakitafuta wakalimani wa Kiswahili na Ekegusii, na hawakupata hata mmoja wa Ekegusii London nzima. Ila lazima awe na cheti. Elkana alikasirika. Akasema amefasiria wauaji, wezi wa ng'ombe na maaskofu, na sasa aende kukaa darasani na watoto. Teresia akamwandikisha. Mara ya kwanza alianguka mtihani, kwa sababu alimwita mtahini aliyeigiza daktari "Mheshimiwa" mara tisa, na mara mbili alikataa kuketi. Mara ya pili akapita.

Siku hizi ghalani anakwenda siku tatu tu. Siku nyingine utamkuta hospitalini, au kwenye ofisi za kugawia watu nyumba, kitambulisho shingoni juu ya tai, amekaa katikati ya mzee fulani wa kwetu na mtu wa kompyuta. Anafasiri kila neno, hata yale mabaya, kisha anafumba macho kidogo. Mwezi uliopita alinisindikiza na mgonjwa wangu, bibi wa Kisii wa miaka tisini. Daktari alimwuliza bibi kama ana maumivu, naye akajibu kwa dakika saba. Elkana alifasiri dakika saba. Daktari aliandika "goti."

Ukimhitaji, mpigie kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo simu yake inakuwa imezimwa, na Teresia hapokei ujumbe wa mtu.